Nafasi ya Maji

"Mwanangu, niondolee kivuli."

Nilinyanyuka haraka kama mtu aliyekanyaga mkeka wa kuswalia kwa viatu. Nilikuwa nimejikalisha kwenye gogo la mnazi kati ya fundi na jua, na kivuli changu kilikuwa kimeufunika ufa aliokuwa akiutazama. Alikuwa ameutazama muda mrefu hata nikadhani amesinzia. Ubao wa juu, ubao wa chini, na kati yao mstari mweusi usiozidi unene wa ukucha. Nilipohama, jua likaingia ule mstari kwa ubavuni, naye akaweka kidole mahali, akasema peke yake, "Hapa," kisha akasogea hatua moja.

Hiyo ilikuwa pwani ya Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, ambako mpaka leo vyombo vinaundwa na kutengenezwa juu ya mchanga, chini ya miti, huku hoteli zikiwatazama mafundi mgongoni. Mashua ilikuwa imepwelezwa siku mbili nyuma na kuegemezwa magongo pande zote mbili. Mimi nilikuwa nimekuja mapumziko ya wiki mbili, nimetoka ofisini kwangu na macho mekundu ya kuhariri ripoti za watu wengine. Nilipanga kuogelea na kulala. Sikuogelea sana.

Chombo cha mbao ukikitazama kwa mbali ni kitu kimoja. Ukikikaribia ni mbao nyingi zilizopigiliwa kwenye mataruma, na kati ya kila ubao na mwenzake pana njia. Muundaji hodari wa tezo na randa anaweza kuzibananisha mpaka ukucha usipite. Lakini maji hayana ukucha. Kuziba njia hizo kwa pamba ndiko kukalafati, na fundi huyu hafanyi jingine: haundi, hashoni tanga, hapigi msumari. Wanaounda wakishamaliza, humwita yeye. Neno lenyewe limesafiri kuliko vyombo vingi. Waarabu wanalo, Wareno na Wahispania wanalo, na kusini kabisa mwa Argentina kuna mji uitwao El Calafate. Nilipompa fundi habari hiyo alinitazama kwa huruma kidogo.

"Wana bahari?"

Nikamwambia wana ziwa.

"Basi," akasema, na mazungumzo ya Argentina yakaishia hapo.

Zana zake zote zinaingia kwenye kikapu kimoja cha ukili: vyembeu vinne, nyundo ya mti, kulabu ya kuchokolea pamba kuukuu na kopo la mafuta. Chembeu ni kama patasi iliyonyimwa makali. Mara ya kwanza nilipokishika nilidhani kimechakaa, nikajifanya mjuzi, nikauliza mbona hakinolewi. Makali yangeikata pamba, akanijibu, na pamba iliyokatika ni mlango. Chembeu kimoja ni chembamba, cha kuingizia. Kingine kipana, mdomo wake una mfuo, cha kushindilia. Cha tatu kimepinda shingo kwa ajili ya chini kabisa, karibu na mkuku, ambako mtu hulala chali mchangani akapiga akielekea juu huku uchafu ukimwangukia machoni. Cha nne sikukiona kikitumika hata siku moja. "Cha baba," alisema, akakirudisha kikapuni.

Kazi huanza kwa kutoa, kabla ya kutia. Pamba ya zamani huchokolewa ikatoka kama utumbo wa samaki, mweusi, unaonuka, na fundi huikagua kila kipande kana kwamba anasoma barua. Palipo na pamba nyeusi na laini, maji yamekaa muda mrefu. Palipo na kutu, msumari wa karibu unakufa. Na pale pamba inapotoka nyeupe na kavu kama ilivyotiwa, hutabasamu, kwa sababu hapo ama alitia yeye ama alitia mtu anayemjua. Alinionyesha kipande kimoja cha namna hiyo kutoka ubavu wa kushoto. Kilikuwa na umri wa miaka sita, akadai. Sina namna ya kuthibitisha. Lakini niliamini zaidi ya ninavyoamini tarehe nyingi ninazopitisha kalamu.

Kuchokoa ilikuwa kazi ya kijana wake, mtoto wa kaka yake, ambaye humwita ami. Kijana huyu ana stashahada ya uhasibu. Alifanya kazi mjini miaka mitatu katika ofisi moja, akavaa shati la mikono mirefu na kitambulisho shingoni, akaja Nungwi kumzika bibi yake, akabaki. Nilimuuliza kwa nini, nikitarajia jibu refu la mtu aliyefikiri sana. Alikuwa na kulabu mkononi na hakuacha kuchokoa.

"Kule nilikuwa napeleka faili. Likirudi na saini, nalipeleka meza nyingine. Siku moja nikajiuliza faili la mwaka juzi liko wapi, hakuna aliyejua."

"Na hapa?"

"Hapa chombo kikivuja kinarudi kwetu."

Mama yake bado hajamsamehe. Alimsomesha kwa kuuza vitumbua, na kila mzazi wa pwani hii amewahi kumtisha mwanawe kwamba asiposoma ataishia kupiga nyundo mchangani. Sasa amesoma na bado anapiga nyundo mchangani. Simlaumu mama. Kijana hana mshahara wa mwisho wa mwezi, hana mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii, ZSSF, wa kumsubiri uzeeni, na mvua za masika zikishika, kazi husimama na mfuko pia. Ami yake ana goti la kushoto lisilokunjika vizuri. Akitaka kuinuka hushika taruma, akajivuta kwa mikono. Mtu anayesifia kazi za jua na asiyalipie maji ya kunywa ana deni. Nalisema hili mapema ili nisije nikajisahau, kwa sababu kuanzia siku ya tatu nilikwisha anza kuona wivu.

Pamba mpya husokotwa pajani, kwa kiganja, mtindo uleule wanaosokota kamba za makumbi. Inatoka uzi mnene kama kidole kidogo, unachovywa mafuta, unakamuliwa. Mafuta gani, hapo mafundi hawakubaliani. Huyu hupenda ya nazi. Ya papa, yaani sifa, huyaheshimu lakini hayataki nyumbani kwake, kwa sababu harufu yake huingia hata kwenye mto wa kulalia. Kisha uzi hulazwa juu ya ufa na kuingizwa kwa chembeu chembamba kidogokidogo, kitanzi, nafasi, kitanzi, nafasi, bila kupiga kwa nguvu. Mtu asiyejua angedhani kazi imekwisha. Ndipo huchukua kile kipana na kurudi mwanzo.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba kazi hii ni ya sikio. Pigo la kwanza hutoa mlio bubu, kama umepiga gunia la unga. La pili, la tatu, pamba inakaa, na mlio unaanza kupanda. Unapanda mpaka ubao mzima unaanza kuitikia, kama ngoma iliyopashwa moto. Fundi haangalii mkono wake. Anaangalia baharini, au anamtazama mpita njia, huku kichwa kimeinama kidogo upande wa nyundo. Nilimsikia akiacha kupiga mahali fulani, akasogea, na mimi niliyekuwa nimekwisha kuuzoea mlio nikaona kama ameacha mapema. Nikasema ngoma bado haijalia.

"Ukisikia ngoma, umeshachelewa."

Ilinichukua siku mbili kumwelewa, na kwa kweli aliyenielewesha ni kijana. Ubao mkavu ukiingia majini huvimba, lakini huvimba kwa upana, si kwa urefu. Ubao wa juu unashuka, wa chini unapanda, na pamba iliyo kati yao, nayo imelowa, inabanwa na wote wawili. Hiyo ndiyo nguvu inayozuia bahari. Nyundo inaanza tu. Basi fundi akishindilia pamba mpaka isibaki nafasi, mbao zikivimba hazina pa kwenda. Zitasukumana. Na mbao zikisukumana ni misumari inayolegea. Kijana alinisimulia mashua aliyoikalafati peke yake mwaka wake wa kwanza, ami akiwa mgonjwa. Alipiga kwa mikono yake yote miwili na kwa hasira yote ya ofisini. Kila ufa ulikuwa ukilia kama kengele. Mashua ikashuliwa, ikakaa majini siku mbili kavu kabisa, mwenyewe akasifu. Wiki iliyofuata ubao wa tatu kutoka chini ulikuwa umetoka kwenye taruma kwa upana wa kidole.

Ami yake alipopona alikuja kuutazama. Hakugomba. Alisema tu, "Hukuyaachia maji nafasi."

Lakini kanuni hiyo ina mahali pake pa kuivunja, na ndipo nilipomstahi zaidi fundi. Ubao hauna urefu wa chombo kizima, kwa hiyo huishia mahali na kupokewa na mwingine, ncha kwa ncha. Na kwa kuwa mbao hazivimbi kwa urefu, ncha hizo hazitasogeleana hata ukaziloweka mwaka mzima. Hapo maji hayatamsaidia mtu. Hapo fundi hupiga kweli, anazidisha pamba, anarudia, anatoa kile kikohozi kifupi kinachokwenda na kila pigo zito. Nilimwona akisogea kutoka mshono wa urefu hadi kwenye ncha, na mkono ukabadilika bila yeye kusimama kufikiri: mwepesi, mwepesi, mwepesi, mzito. Nimefanya kazi na wahariri wenye uzoefu wa miaka ishirini wasiojua ni sentensi ipi iachwe ipumue na ipi ikazwe.

Kinachonishangaza ni kwamba hakuna atakayeiona kazi hii. Watalii walipita kila asubuhi wakipiga picha. Walipiga picha hanamu, walipiga picha foromali, walimpiga picha fundi mwenyewe akiwa na kofia yake. Hakuna aliyepiga picha ufa. Na kazi ikiisha, juu ya pamba hupakwa lipu, juu yake rangi, na chini ya mstari wa maji hupakwa deheni, ule mchanganyiko wa chokaa na shahamu unaopakwa kwa kiganja kitupu mpaka tumbo lote la chombo linakuwa jeupe kama papai lililopakwa unga. Deheni ni ngao dhidi ya mdudu anayetoboa mbao, ambaye kwa kweli si mdudu wala mnyoo bali ni ndugu wa chaza, amejifanya mrefu na kugeuza gamba lake kuwa keekee. Kabla ya kupaka, mafundi hupitisha moto wa makuti chini ya chombo, upesi, kumuua aliyekwisha kuingia. Siku hizo moshi huenda moja kwa moja kwenye vitanda vya jua vya hoteli na kuna meneja mmoja huja kulalamika, kwa adabu, kila mara. Fundi humwamkia vizuri, humpa mkono wenye shahamu, na kazi inaendelea.

Wala fundi si mtumwa wa zamani. Mwenye chombo akiwa na fedha za kununua rangi nyekundu ya dukani ya kupaka chini, fundi anaipaka, na anasema ni nzuri kuliko deheni, haichoshi mkono. Boti za faiba zilizofungwa karibu yetu hazimhitaji kabisa. Aliziangalia bila chuki. "Ile haina maungo," alisema. Nikadhani anaidharau, lakini alikuwa anaeleza tu, kama daktari.

Nilimuuliza pia kuhusu mtepe, chombo kile cha kale cha pwani yetu kilichoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja. Miaka iliyopita niliwahi kusimama mbele ya mfano wake ndani ya jumba la makumbusho la Beit al-Ajaib, kabla ya sehemu ya jumba hilo kuporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Nilikumbuka zile kamba, tundu baada ya tundu, na nilitaka kusikia kwamba wa kale walikuwa na siri. Fundi alicheka. Mtepe ulikuwa unavuja, alisema, kila mtu anajua, mabaharia walikuwa wanafua maji usiku na mchana. Lakini ukipwelea ulikuwa unajipinda bila kuvunjika. "Wao waliyaachia maji nafasi kubwa mno."

Kuna jambo moja ambalo ofisi zetu hazina na ambalo, nikiri, ndilo lililonipa wivu hasa. Mwezi ukiwa mchanga na ukiwa mpevu, maji hujaa kupita siku nyingine. Hayo ndiyo maji ya bamvua. Hapa Unguja kilele chake huwa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na kati ya kupwa na kujaa tofauti hukaribia mita 4. Chombo hupandishwa kwa bamvua moja mpaka juu kabisa. Kisha maji hupungua siku baada ya siku, yanafika maji mafu, na chombo kinabaki pakavu. Bamvua nyingine, siku kama 14 au 15 baadaye, ndiyo inayokuja kukichukua. Hapo katikati ndipo kazi yote ifanyike. Hakuna kuomba muda uongezwe. Mimi tarehe zangu za mwisho husogezwa kwa simu, na zikisogezwa mara tatu hakuna anayekumbuka ya kwanza ilikuwa lini. Fundi hakuwahi kuwa na haraka wala kuchelewa. Siku ya saba alikuwa ubavu wa pili. Siku ya kumi alikuwa chali chini ya mkuku. Siku ya kumi na tatu alikaa kivulini, akanywa kahawa, akatazama bahari ikimfuata.

Nilirefusha ruhusa yangu siku moja ili nione mwisho. Kwa simu, bila shaka.

Saa tisa za usiku tulikuwa pwani, watu kama kumi na tano, kurunzi mbili, nahodha na wanawe, kijana, na mama yake kijana aliyekuja na birika la chai bila kumsemesha mwanawe. Maji yalikuja bila mawimbi. Yaligusa mkuku, yakapanda kwenye weupe wa deheni, na magongo yakaanza kulia moja baada ya jingine uzito ulipoyaacha. Kisha mashua ikatingishika kidogo, mara moja, kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Wakaondoa magongo, tukasukuma. Nami nilisukuma, ingawa nadhani nilikuwa nikiegemea tu.

Ilikuwa inavuja. Si kidogo. Fundi alikuwa ameingia ndani kabla haijaelea vizuri, na nilipopanda nilimkuta amechuchumaa na lile goti lake limenyooshwa mbele, kurunzi mkononi, anapitisha mwanga ubaoni. Kila mshono ulikuwa unatoa jasho. Mahali pengine matone yalikuwa yameungana na kuteremka kwenye mataruma hadi kwenye ngama. Ubavu wa kulia, sehemu aliyoifanya kijana peke yake safari hii, palikuwa na mstari wa maji unaong'aa wa urefu wa mkono. Kijana aliuona. Akanyoosha mkono kwenye kikapu.

"Acha," fundi akasema.

"Ami, inaingia."

"Iache inywe."

Kijana akabaki na mkono hewani, kisha akachukua ndoo badala ya chembeu. Walifua maji mpaka jua likatoka. Baada ya hapo waliifunga mashua maji ya kina, na mimi nikaenda kulala, nikarudi adhuhuri. Matone yalikuwa yanahesabika. Maji ya jioni yalipojaa, ule mstari wa ubavu wa kulia ulikuwa umebaki tone moja linalojikusanya, linasita, linaanguka, na baada ya muda mrefu linajikusanya tena. Kijana alikaa mbele yake kama anavyokaa mtu na mgonjwa.

Kwa desturi yake fundi hapokei fedha iliyobaki mpaka alale ndani ya chombo usiku mmoja. Nahodha aliniambia kwamba hakuna aliyemwekea sharti hilo. Usiku ule nilipiga makasia na kijana kumpelekea wali na samaki, tukakuta amekwisha lala juu ya mkeka uliotandikwa kwenye mataruma, mdomo wazi, anakoroma. Mkono wa kulia ulikuwa umening'inia ndani ya ngama. Kijana aliinamisha kurunzi. Kati ya ncha za vidole vya ami yake na maji palikuwa na nafasi ya shubiri moja. Akaweka sahani juu ya kikapu, taratibu, tukashuka kwenye mtumbwi.